Soketi ya Mama Nasra na Macho ya Baba

Jumapili, jioni.

Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini anga bado limenuna, na matope ya uani yamefika hadi mlangoni. Baba ameenda msikitini. Mie nimekaa kibarazani na simu mkononi, miguu inaniuma kwa kutembea tangu asubuhi. Wiki nzima sijaandika chochote hapa. Leo naandika, maana nisipoandika nitaendelea kuyazungusha haya kichwani peke yangu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Sauda, ni fundi umeme, naishi Yombo na baba yangu, mzee Athumani. Tupo wawili tu tangu mama alipofariki. Baba naye ni fundi umeme.

Alikuwa. Bado mkono unakataa kuandika alikuwa.

Ufundi huu kanifundisha yeye. Kabla sijaenda chuo nilikuwa nishajua kuvuta waya kwenye bomba, kukata bila kuumiza shaba, kufunga skrubu ikakaza. Watoto wenzangu walikuwa wanachezea vifuniko vya chupa, mie nilikuwaga nachezea mabaki ya waya wake. Huku mtaani kwetu nusu ya nyumba zimewashwa taa na mkono wa baba. Hata nilipomaliza chuo nikaanza kupata kazi za Mbweni kwenye majumba mapya, watu wa hapa waliendelea kumwita yeye. Sikuona wivu. Nilikuwa najisikia fahari.

Ila macho yake yalikuwa yanaondoka, na mie nilikuwa nayaona yanavyoondoka.

Nilimwona akimimina chai ikafurika kwenye sahani. Nilimwona akipapasa ukuta kutafuta swichi aliyoifunga mwenyewe kabla sijazaliwa. Samaki nikawa namtolea miba bila yeye kuniomba, naye akawa anakula bila kuuliza kwa nini samaki wa siku hizi hawana miba. Jicho la kulia lina wingu jeupe, ukimkaribia unaliona. Mtoto wa jicho. Sihitaji kuwa daktari.

Sikusema kitu.

Nilijiambia namstahi. Baba yangu anaamka alfajiri, anaswali, anakunywa chai, kisha anakaa akisubiri simu ya mtu mwenye taa mbovu. Simu ikilia anakuwa mtu mwingine, mgongo unanyooka. Tangu mama aondoke hakuna kingine kinachomnyoosha mgongo. Ningemwambiaje? Baba, acha? Mtoto wa kike umwambie baba aliyekufundisha kazi kwamba hiyo kazi haimfai tena? Nikawa naahirisha. Baada ya Ramadhani. Baada ya mvua. Baada ya kazi ya Mbweni kuisha.

Mama Nasra ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Friji lake lilikuwa sebuleni likila umeme kwa ekstensheni iliyopita chini ya zulia. Alitaka kulihamishia jikoni, akamwita baba amfungie soketi mpya huko. Baba akaifunga. Jioni ile alirudi anapiga mluzi, akaniambia, "Leo nimepata kakazi kazuri kwa Mama Nasra." Nikamwambia hongera baba. Nikaendelea kusonga ugali.

Kama kuna dakika moja ningepewa niirudie maishani, ningechagua hiyo ya kusonga ugali. Ningeepua sufuria, ningechukua testa yangu ya kupimia umeme, ningeenda nyumba ya tatu.

Jumatano mvua ilizuia kazi Mbweni, nikabaki nyumbani. Baba alikuwa kaenda Tandika kumwona rafiki yake mgonjwa. Nikasikia kelele. Haikuwa kelele ya ugomvi, na mtoto akichapwa halii vile. Nikatoka mbio bila viatu, halafu sijui akili gani ikanirudisha nivae kandambili. Mungu ndiye aliyenirudisha.

Nikamkuta Nasra, binti wa kidato cha pili, amesimama mlango wa jikoni anapiga mayowe. Mama yake yuko sakafuni, kaegemea ukuta, macho wazi, mdomo unacheza bila sauti. Sakafu imelowa, walikuwa wanaideki wakati wa kuhamisha friji.

"Nasra, usimguse! Umemgusa?"

"Hapana, dada. Alishika friji, likamrusha."

Nikakimbilia meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, nikaizima, ndipo nikaingia. Niliweka sikio kifuani mwake. Moyo ulikuwa unakwenda, lakini ovyo. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama nyeupe iliyoanza kuvimba, umbo la mkono wa mlango wa friji. Majirani wakafika, tukampakia kwenye bajaji, nikamlaza kichwa mapajani kwangu. Njiani akaanza kuongea. Alisema, "Sauda, halikuwaka. Nikataka kuona kama taa ya ndani inawaka." Alirudia hivyo hivyo mpaka hospitali, kama mtu anayejitetea. Kama vile mtu anahitaji kujitetea kwa kufungua friji lake mwenyewe.

Wakampima moyo, wakasema atalala pale waendelee kumwangalia. Nikarudi Yombo kuchukua nguo zake. Nasra alinifungulia. Nikamwambia akusanye khanga za mama yake, mie nikaingia jikoni na bisibisi.

Nilikuwa naomba nikute soketi imevunjika. Nikute panya katafuna. Nikute chochote.

Nieleze kwa wasiojua. Soketi ya ukutani ina nyaya tatu. Wa kahawia unaleta moto, yaani umeme wenyewe. Wa bluu unaurudisha. Wa kijani na njano unakwenda ardhini, na huo ndio mlinzi: kitu kikiharibika, umeme unapitia huko badala ya kupitia kwako. Mwili wa chuma wa friji umeungwa na huo waya wa tatu. Sasa nilipofungua, wa kahawia ulikuwa umefungwa mahali pa mlinzi, na mlinzi mahali pa moto. Ndiyo maana friji halikuwaka. Na ndiyo maana mlango wake, na mbavu zake, na kila chuma chake kilikuwa moto tupu, kimetulia kinasubiri mtu aje pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Ncha za waya zimekunjwa mara mbili kabla ya kubanwa, zisichomoke. Mtaa huu mzima ni mtu mmoja tu anayekunja hivyo, na mie nimejifunza kwake. Nilikaa chini pale pale nikazitazama. Ningetaka ziwe zimefungwa hovyo, nipate cha kukasirikia.

Nikazirudisha panapostahili. Nikapima, nikafunga kifuniko. Baba Nasra akaingia, katoka kazini moja kwa moja, shati limelowa.

"Sauda, shida ilikuwa nini?"

Nilikuwa nimeinama. Sikuinuka.

"Soketi ilikuwa feki, shemeji. Hizi za siku hizi ndani ni mbovu."

Kauli ilinitoka hivyo, nyepesi, kama mtu anayejibu salamu. Hata sikuchagua. Baba alikuwa hajarudi kutoka Tandika, na mie nilikuwa nishamficha.

Aliporudi nikamwambia maneno yale yale. Akasema, "Feki? Nimeinunua mwenyewe." Akakaa. Chakula hakugusa.

Nilidhani uongo wangu haumdhuru mtu, kwa sababu soketi haina familia. Nilisahau kuwa soketi ina aliyeiuza. Baba Nasra alikwenda kwenye duka la vifaa pale njia panda, akamfokea kijana wa watu mbele ya wateja, akamwita muuaji. Mtaa mzima ukajua. Ijumaa baada ya swala, muuza duka akamfuata baba nje ya msikiti. Hakumfokea. Alimwambia, "Mzee wangu, wewe ndiye mteja wangu wa miaka yote. Kama nimekuuzia kitu kibovu, niambie wewe, nitaamini."

Baba alirudi nyumbani, akanikuta nafua. Akavuta kigoda akaketi karibu kabisa, kama anavyokaaga siku hizi ili anione.

"Soketi ya Mama Nasra uliifungua wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikuta nini?"

Nikaendelea kufikicha shati lake. Akauliza tena, taratibu, kwa sauti aliyokuwa ananiulizia nikiwa mdogo nikikosea kufunga taa.

"Sauda. Wa kahawia uliukuta wapi?"

Nikamwambia.

Mie nilikuwa nimeanza kulia, yeye hakulia. Aliinua kiganja chake akakisogeza mbele ya jicho la kulia, akakirudisha, akakisogeza tena. Kisha akasema, "Nilipima. Nilichomeka testa, nikaona kama kitaa chake kimewaka. Au nilitaka kiwake." Akakishusha kiganja. "Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kazi haijaisha mpaka uipime."

"Baba, ni macho tu. Si wewe."

"Macho ya nani?"

Nikalikamua shati, nikaliweka kando ya beseni.

"Kukosea nimekosea mimi," akasema. "Lakini kijana wa watu anaitwa muuaji kwa ajili yangu, na wewe umekaa unajua. Hilo la kukosea nitalibeba. Hili la pili limenishinda. Vaa ushungi, tunakwenda."

Tulianza dukani. Mbele ya wateja, vilevile kama alivyofokewa mwenzake, baba alisema soketi haikuwa na kosa lolote, kosa ni la mkono wake, na kwamba binti yake alisema vile kwa kumwonea haya baba yake. Muuza duka alitoka nyuma ya meza, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mie aliniangalia mara moja tu. Ilitosha.

Kwa Baba Nasra haikuwa hivyo. Alitusikiliza tukiwa tumesimama mlangoni. Alipoelewa, uso wake ukabadilika rangi.

"Mzee, mie nakuheshimu kama baba yangu. Lakini ungeniachia watoto bila mama. Unaelewa? Huoni, unakwenda kufungia watu umeme?"

"Naelewa," baba akasema.

"Na wewe Sauda, nakuuliza, unanidanganya jikoni kwangu? Umempeleka mke wangu hospitali, nikakuona ndugu, kumbe!"

Nilitazama kandambili zangu.

Ndipo sauti ya Mama Nasra ikatoka chumbani. Alikuwa karuhusiwa siku hiyo hiyo, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. "Baba Nasra, mpe mzee kiti. Asisimame mlangoni kama mdai." Mumewe akasimama kidogo, kisha akaleta kiti, akakiweka chini kwa nguvu. Baba akaketi. Baadaye Mama Nasra akatoka, akasema, "Mzee, nimekusamehe, sina kinyongo. Ila lile friji siligusi tena. Nasra ndiye atakuwa ananifungulia." Alisema akijaribu kucheka, akikaa mbali na mlango wa jikoni.

Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu anaogopa jiko lake mwenyewe.

Jana nilitegemea baba ataamka amevunjika. Aliamka kama kawaida, akaswali, akanywa chai. Kisha akasema, "Hilo la Mama Nasra tumelijua kwa sababu limeuma. Na yale ambayo hayajauma bado?"

Kwa hiyo jana na leo tumetembea. Baba anakumbuka kazi zake zote tangu macho yaanze kuharibika, kwa nyumba, kwa ukuta, kwa mtu aliyempikia siku ile. Tunabisha hodi, wanamwamkia, yeye anasema, "Nimekuja kukagua kazi yangu. Binti yangu ndiye ataangalia, mimi macho yamenipita." Kila mlango anayasema maneno hayo. Mlango wa kwanza aliyasema akiwa ameinamisha kichwa. Kufikia leo mchana alikuwa anayasema kama mtu anayetaja jina lake.

Nazima umeme, nafungua, yeye ananishikia tochi. Nyumba nyingi kazi yake ni sawa, tena nzuri kuliko ya vijana ninaofanya nao Mbweni. Nilikuwa nikimwambia, "Hii iko sawa, baba," na kila mara alikuwa anauliza, "Umepima?"

Leo mchana, kwenye chumba cha mpangaji mmoja, dada mwenye mtoto anayetambaa, nikafungua soketi iliyo chini karibu na kitanda. Wa kahawia ulikuwa mahali pa mlinzi.

Nilimwuliza yule dada kama huwa anaitumia. Akasema hapana, haijawahi kufanya kazi tangu ifungwe. Simu anachajia kwa jirani.

"Kwa nini hukumwambia mzee?"

Akamtazama baba kwa haya. "Mzee mtu mzima, alifanya kazi yake vizuri, tena kwa upole. Nikaona nisimsumbue."

Basi tukatazamana, mie na yeye. Sote wawili tulimstahi mzee. Na mtoto akatambaa akaja kushika bisibisi yangu.

Nimejifikiria sana njiani. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi, na mie sitaki kuwa mtu wa kuitupa hiyo adabu, kuna mengi mema imetupatia. Lakini nikisema ukweli wote, mie sikunyamaza kwa ajili ya adabu peke yake. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa sura ya baba atakaposikia kwamba haoni tena. Nilijilinda mie, nikauita ule ulinzi heshima. Sasa nimeiona hiyo sura, na wala sikufa.

Tulipokaribia nyumbani, akiwa kanishika bega kwa sababu ya utelezi, baba akaniuliza, "Hospitali, madaktari wa macho wanapatikana siku gani?"

Swali dogo namna hiyo. Lingeweza kuulizwa mwaka jana, nami ndiye nilipaswa kuliuliza. Nimemwambia nitapiga simu nijue, tutakwenda pamoja. Akasema sawa. Akasema pia hata yakipona hatarudi kwenye kazi. Sikubishana naye.

Imebaki nyumba moja.

Iko Gongo la Mboto. Anakumbuka alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akaja kuchukuliwa na pikipiki, akafunga soketi mbili kwenye vyumba vya uani. Namba hakuitunza, siku hizi hawezi kusoma majina kwenye simu. Alikaa hapa tangu tuliporudi hadi alipokwenda kuswali, akiitafuta hiyo nyumba kichwani. Anakumbuka kulikuwa na mwanamke mjamzito aliyemletea maji ya kunywa. Anakumbuka geti ni la bluu. Kisha akasema, au kijani. Kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na hapo ndipo nilipomwona baba yangu analia, mara ya kwanza tangu tulipomzika mama.

Yule mwanamke atakuwa ameshajifungua. Ana friji? Ana pasi? Anadeki sakafu lini?

Sijui. Asubuhi tutakwenda Gongo la Mboto, tutaanzia kituoni, tutauliza kwa waendesha pikipiki, tutabisha kila geti linalofanana. Kazi ya Mbweni nimeomba ruhusa.

Na wewe unayesoma, ikiwa unakaa huko, au una ndugu huko: aliwahi kuja fundi mtu mzima, mrefu, mwenye ndevu nyeupe, mpole, anayekunja waya mara mbili kabla ya kuubana? Kuna soketi kwako haijawahi kufanya kazi, ukaona usimsumbue mtu? Usichomeke kitu. Zima meni swichi, watoe watoto chumbani, niandikie hapa chini.

Nisumbue. Nitakuja na baba.